Matambara ya Ebedmeleki

Somo la wiki hii ni Yeremia 38, kuanzia mstari wa 7 hadi wa 13. Nabii ametupwa katika shimo la Malkiya. Shimo halina maji, ni tope tupu, naye amezama humo. Wakuu wa Yerusalemu wameridhika afie hapo. Anayemwendea mfalme Sedekia kumtetea si mtu wa Yuda. Ni Mkushi, mtu wa asili ya pande hizi za Nile, mtumishi wa nyumba ya kifalme aitwaye Ebedmeleki. Mfalme anamkubalia, anampa watu 30.

Watu 30 na kamba walitosha kumtoa mtu shimoni. Ebedmeleki hata hivyo hakwenda shimoni moja kwa moja. Alipitia kwanza ghalani, chini ya hazina, akachukua matambara na nguo kuukuu, akamteremshia Yeremia na kumwambia aziweke makwapani, kamba ije juu yake. Ndipo wakamvuta. Kitabu kizima kinalia juu ya mji unaoangamia, lakini kimepata nafasi ya kutusimulia habari za matambara. Mkushi huyu alijua kwamba kamba inayookoa ndiyo hiyo hiyo inayochuna, hasa ikimshika mtu aliyekonda kwa njaa.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya nyumba zenye mgonjwa anayengoja kupasuliwa au aliyekwisha kupasuliwa. Kutoka mtaa wetu wa Malakia hadi Hospitali ya Mafunzo ya Juba si mbali, na asubuhi mnaonana njiani na akina mama waliobeba vyombo vya chakula na majagi ya maji. Katika maombi yetu daktari mpasuaji hutajwa kila mara, na ni haki yake. Nesi tunamkumbuka tukitaka kulalamika. Kumbe upasuaji ndiyo ile kamba, na nesi ndiye anayejua mahali itakapochuna.

Kazi yake inaanza mgonjwa akiwa bado anazungumza. Anamwuliza jina, la kwake, la baba na la babu, kisha anarudi kuuliza tena, mpaka jamaa wanaona anawasumbua. Fikirini wodi ya Juba. Wabari huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo akiita “Lado” au “Wani” wanaweza kuitika watatu. Mmoja amekuja kwa ngiri, mwingine kwa mguu uliovunjika, na kisu hakijui nani ni nani.

Halafu anasema mgonjwa asile wala asinywe. Hapa ndipo tunapomkosea sana. Shangazi anamhurumia mtoto, anampa chai kidogo, na mkate wa kuchovya. Dawa ya usingizi ikishamlegeza mtu, koo nalo linalegea. Kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na hilo linaua. Kwa kawaida chakula huachwa saa 6 au zaidi kabla, na maji matupu saa 2, lakini wa kutoa saa ni nesi na mtu wa dawa ya usingizi, si shangazi. Kama mgonjwa amelishwa, semeni. Upasuaji usio wa dharura ukiahirishwa kwa ajili hiyo, hakuna aliyepata hasara.

Ndani ya chumba cha upasuaji, ambako sisi hatuingii, mgonjwa hawezi kusema kwamba kisigino kinauma au mkono umevutwa mno. Nesi anasema kwa niaba yake, kwa kuweka mto hapa na kitambaa pale. Mishipa ya fahamu ya mkono inapitia kwapani, na mkono ukinyooshwa vibaya kwa muda mrefu mtu anaweza kuamka akiwa amepona tumbo, vidole vimekufa ganzi. Ebedmeleki hakusomea hayo, lakini aliweka matambara mahali hapo hapo. Kabla ya jeraha kufungwa, nesi anahesabu shashi na sindano moja moja, na hesabu isipotimia ana haki ya kumwambia hata daktari mkuu angoje.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya maswali ya kuulizwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa katika miji 8, na pamoja na London na Seattle ulikuwamo mji wa Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi na swali la “huyu ni nani?” vimeokoa watu Ulaya na Afrika pia. Kwa hiyo msiniambie kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri.

Hapa Sudan Kusini tunamfahamu daktari mpasuaji, Dkt. Evan Atar Adaha wa Bunj, kaunti ya Maban, aliyepewa Tuzo ya Nansen mwaka 2018. Alipofika huko mwaka 2011 hapakuwa na chumba cha upasuaji, akapanga meza ili apate mahali pa kumlaza mgonjwa. Miaka ilipita akipasua kwa ketamini na sindano za uti wa mgongo, kwa kukosa dawa nyingine za usingizi.

Ketamini hiyo inanileta kwa jambo la kichungaji kabisa. Mtu anayezinduka kutoka kwenye dawa hii anaweza kupiga kelele, kuona watu wasiokuwepo, kutaja marehemu. Ndugu zangu wahubiri, hilo si pepo. Msimkemee wala msimzunguke kwa makofi. Anahitaji utulivu, taa isiyomchoma macho, na sauti moja anayoijua. Na aliyechomwa sindano ya mgongoni miguu yake haihisi kitu kwa saa kadhaa. Msimwekee chupa ya maji moto, ataungua bila kujua.

Usiku wa kwanza ndio mrefu. Nesi anapima mapigo na presha mara kwa mara, anatazama bandeji kama inalowa damu, anasikiliza pumzi. Asubuhi anamwambia mgonjwa avute pumzi ndefu na kuinuka atembee, naye mgonjwa anaona anaonewa, na sisi tunamwunga mkono. Kulala tu huleta nimonia na damu kuganda miguuni. Mwinueni.

Chuo cha Wauguzi na Wakunga cha Juba kilifunguliwa mwaka 2010, na wahitimu wake wa kwanza wakatoka mwaka 2013. Ni wachache kwa nchi hii, na usiku mmoja wao huwa na vitanda vingi kuliko anavyoweza kuzungukia. Ndiyo maana baada ya ibada ya Jumatano tutaandika majina ya watakaopokezana kukaa na wagonjwa wasio na ndugu mjini. Wawili wawili, mikono imeoshwa kwa sabuni, hakuna kugusa bandeji, na chakula hakimfikii mgonjwa kabla nesi hajaulizwa. Nesi akisema tutoke nje, tutatoka. Maombi tutayamalizia uani.