Maua Yasiyo na Kazi

Jumamosi iliyopita niliketi uani saa tatu nzima na mabeseni mawili ya maji, nikiosha maua ya plastiki. Dada anayetusaidia kazi yuko kwao Singida anamuuguza mama yake, na hii ni wiki ya sita. Mama mkwe alikuwa njiani kuja. Nilipogusa jani moja pale sebuleni, kidole kilirudi cheusi.

Maua yale niliyanunua Kariakoo miaka minne iliyopita. Kila mgeni aliyeyasifu nilimjibu vilevile: "Haya hayana kazi. Humwagilii, hupogoi, hayanyauki." Neno hilo ndilo limeninyima raha wiki nzima.

Maana kazi niliikuta. Plastiki huvuta vumbi, na sebule yetu imepakana na jiko, hivyo mafuta ya kukaangia huligandisha. Ukipuliza, halitoki. Ni jani mojamoja, mbele na nyuma, kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Maji ya moto huachanisha gundi. Waridi za kitambaa hazichovywi, zisije zikachuja rangi. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mashina yenye waya hukung'utwa yasishike kutu. Kisha vyote hukaushwa kivulini, kwa sababu jua la Dar es Salaam hupausha rangi.

Nilipofika shina la tano mgongo ulikuwa unaniuma, na ndipo nilipojiuliza: miaka yote minne, maua haya yaling'aa yenyewe?

Jioni nilimpigia simu dada kumjulia hali mgonjwa. "Shikamoo, mama," aliitikia. Baada ya salamu nilimuuliza maua huwa anayaosha lini. "Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mama, mkishatoka kwenda sokoni." Nilipiga hesabu: karibu mara 48. Sikuwahi kuona hata mara moja, wala kuuliza.

Najua yupo msomaji atakayesema: "Si analipwa? Ulitaka ashukuriwe kwa kila jani?" Mshahara ni haki yake, na shukrani si badala ya mshahara. Ninachosema ni kwamba nimesimama mbele ya binti wa watu, nikamwambia mgeni kwamba kazi aliyoifanya haipo. Na kazi tunayosema haipo hatuikumbuki siku ya kupanga malipo, wala siku ya kupanga mapumziko.

Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 kuhusu kazi za staha kwa wafanyakazi wa majumbani. Mkataba huo unataka wapate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Saa hizo utampangiaje mtu ambaye hata kazi zake huzijui? Utamwambia apumzike Jumapili, kumbe vumbi ulilolisahau wewe linamngoja yeye.

Hakuna kitu kinachojisafisha ndani ya nyumba. Kama chako kinang'aa na hukumbuki kukigusa, yupo aliyekigusa. Mwezi huu osha maua yako mwenyewe, jani kwa jani, ujue uzito wake. Na mgeni akiyasifu, mtaje kwa jina lake yule anayeyaosha siku zote, naye akiwapo asikie.