Ninawi Mbele ya Yona na Nahumu

Masomo: Kutoka 34:6–7, Yona 3–4, Nahumu 1 na 3



Kati ya Manabii Wadogo kumi na wawili, wawili walitumwa kunena juu ya mji mmoja: Ninawi, mji mkuu wa Ashuru kando ya mto Hidekeli, ng'ambo ya mji wa kale wa Mosul, nchini Iraq. Katika kitabu cha Yona mji unasamehewa. Katika kitabu cha Nahumu unahukumiwa. Wengi wetu humpenda Yona na kumruka Nahumu. Wiki hii nawaomba tuwasome pamoja.

Kwanza tuijue Ninawi. Waashuri waliiangusha Samaria mnamo mwaka 722 kabla ya Kristo na kuwahamisha watu wake. Mwaka 701 Mfalme Senakeribu aliuteka Lakishi, mji wa Yuda, kisha akaagiza ushindi huo uchongwe kwenye kuta za jumba lake Ninawi. Michongo hiyo imehifadhiwa London hadi leo. Ndani yake mateka wametundikwa juu ya miti, wengine wanachunwa ngozi, na familia zinatoka mjini na mizigo yao kwenye magari ya ng'ombe. Mateso ya watu yalikuwa pambo la nyumba ya mfalme.

Hapo tunaielewa hasira ya Yona. Alikimbilia Tarshishi kwa sababu alijua Mungu ni mwenye neema na si mwepesi wa hasira, naye hakutaka neema hiyo iwafikie Waashuri. Nahumu naye anakiri kwamba Bwana si mwepesi wa hasira, ila anaongeza kwamba hamwachi mwenye hatia bila adhabu. Maneno yote mawili yanatoka katika ungamo moja, lile ambalo Mungu alijitangaza kwa Musa mlimani. Huyo Mungu wa rehema na Mungu wa hukumu ni mmoja.

Basi kwa nini mji uleule ulisamehewa, kisha ukaangamia? Jibu liko katika Yona 3. Mfalme wa Ninawi alivaa gunia na kuketi katika majivu, lakini hakuishia hapo. Aliagiza kila mtu auache udhalimu uliokuwa mikononi mwake. Mungu akayatazama matendo yao, akaghairi. Nahumu anapoutazama mji huo baadaye, anauona umejaa damu, uongo na unyang'anyi. Mwaka 612 kabla ya Kristo Wababeli na Wamedi waliuangusha.

Vitabu vyote viwili vinamalizika kwa swali. Katika Yona, Mungu anauliza kama asiuhurumie mji wenye watu zaidi ya 120,000 pamoja na wanyama wengi. Katika Nahumu, Ninawi inaulizwa ni nani ambaye hakuguswa na ukatili wake. Swali la kwanza linamkemea anayetamani adui yake aangamie. La pili linamthibitishia aliyeonewa kwamba kilio chake kimesikiwa. Wayahudi, ambao babu zao waliteswa na Ashuru, husoma kitabu cha Yona kila mwaka alasiri ya Siku ya Upatanisho. Siku wanapoomba msamaha wao, wanasoma habari za adui aliyesamehewa.

Ndugu zangu, tumezoea kumwambia mjane aliyenyang'anywa shamba, "Samehe tu, Mungu ni wa rehema," huku aliyemnyang'anya akiketi viti vya mbele kanisani na shamba bado analo. Huko ni kumnyamazisha Nahumu. Wala tusimgeukie mkosaji na kumwambia hana tena mlango, maana huko ni kukimbia na Yona. Rehema ya Mungu humfikia mtesi ili aiache mikono yake iwe mitupu. Akikataa, hukumu inakuja, na kwa aliyeonewa hukumu hiyo ni rehema.

Ukiwa umeshika haki ya mtu, mshahara wake, shamba lake au jina lake jema, mrudishie wiki hii, ndipo uje uombe. Ukiwa umeumizwa, mpelekee Mungu kilio chako chote bila kukipunguza, kisha umwombee aliyekuumiza atubu wakati mlango ungali wazi. Bwana awape nguvu ya kufanya hivyo. Amina.