Je, Ni Haki Kuandika Ayatakayo Mhariri?

Siku hizi simu ya mkononi imefika vijijini, na kijana wa Miti aweza kusoma maneno ya wahariri walio mbali. Katika Facebook, na katika X iliyoitwa Twitter mpaka 2023, wahariri na mawakala, yaani wale wanaowatafutia waandishi wachapaji, hutangaza waziwazi vitabu wanavyovitamani. Basi lazuka swali: mwandishi akichungua matakwa hayo kabla ya kupeleka kazi yake, je, afanya vema, au auza dhamiri yake?

Kwanza, kuuliza si kosa. Mama apelekaye maharagwe sokoni Mudaka ajua kwamba wanunuzi wayataka makavu, yaliyochambuliwa. Akiyachambua hamdanganyi mtu, bali amheshimu. Vivyo hivyo mhariri wa mashairi asiletewe riwaya, na atakaye kurasa chache asiletewe mia tano. Mwaka 1962, huko Makerere, Kampala, kijana James Ngugi, aliyejulikana baadaye kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alimpa Chinua Achebe wa Nigeria mswada wake asome. Achebe ndiye aliyekuwa mhariri wa kwanza wa vitabu vya waandishi wa Afrika vya Heinemann, na mswada huo, Weep Not, Child, ukatoka kitabu mwaka 1964. Ngugi alibisha mlango uliofaa. Lakini hadithi alikuwa nayo tayari.

Pili, hatari huanza pale matakwa ya mwingine yanapougusa ukweli. Kwa mfano, mhariri wa ng'ambo atangaza kwamba atafuta ushuhuda wa vita vya Kivu. Kijana ajitungia mateso asiyoyaona, kisha aandika: "Hayo yalinipata mimi." Je, amekosa? Amekosa, tena mara mbili. Amemdanganya mhariri, na amewadhulumu walioteswa kweli tangu 1996. Maana siku uongo wake utakapofichuka, wao nao hawatasadikiwa. Huyo ametia mawe katika kipimo cha maharagwe.

Labda mtu atasema: "Mbona riwaya zote ni za kubuni?" Ni kweli, wala kubuni si uongo, maadamu msomaji ameambiwa kwamba ni riwaya. Uongo ni kukipa kitu cha kubuni jina la ushuhuda.

Tatu, yako matakwa yafaayo kukataliwa. Ngugi yuleyule, ingawa Kiingereza kilimpatia wasomaji wengi duniani, aliandika riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu, ikatoka 1980. Mwenye neno la kweli aweza kumngoja msomaji wake.

Tena mwandishi awe macho, maana si kila atangazaye katika simu ni mtu mwaminifu. Wakala wa kweli hupata sehemu ya mapato ya mwandishi, mara nyingi asilimia 15, kitabu kikiisha kupata mchapaji. Adaiye fedha kwanza ili ausome mswada, asisadikiwe.

Basi jibu ni hili: juu ya umbo, urefu na siku ya kupeleka kazi, mwandishi amsikilize mhariri, juu ya yale yaliyotokea kweli, aisikilize dhamiri yake. Maharagwe na yachambuliwe, lakini mawe yasitiwe.