Adhabu Yenye Mwisho

Septemba 2015, katika mchezo wa Ligi Kuu kati ya Azam na Mbeya City, beki Juma Nyosso alimdhalilisha kimwili mshambuliaji wa Azam, John Bocco. Tendo lile lilinaswa kwenye picha, na picha ikaenea nchi nzima. TFF ikamfungia Nyosso miaka miwili na kumtoza faini ya shilingi milioni 2. Mapema mwaka huohuo alikuwa amefungiwa mechi nane kwa kosa la aina hiyohiyo.

Mpendwa msomaji, je, kosa lipimwe kwa uzito wake au kwa ukubwa wa kelele zake? Swali hili si la TFF peke yake. Linamkuta katibu wa timu ya kata huko Bunda, mwalimu wa michezo Butiama na viongozi wa klabu pale uwanja wa Karume, Musoma. Linatukuta na kanisani, pale mwanakwaya anapoanguka na habari zake zikaingia kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kumfikia mchungaji.

Kiongozi akibanwa na magazeti huona njia mbili rahisi: kuficha, ili jina la klabu lisichafuke, au kumtoa mkosaji kafara, ili watu watulie. Zinaonekana kupingana, lakini mama yao ni mmoja, nayo ni hofu. Katika zote mbili kiongozi anajitazama mwenyewe, na aliyeumizwa anasahauliwa. Bocco alidhalilishwa uwanjani, kisha akadhalilishwa upya kila picha ile iliposambazwa, hata na waliokuwa wakilaani.

Katika Mathayo 18 Bwana Yesu anatupa utaratibu: umwone ndugu yako mkiwa wawili tu, kisha uende na shahidi mmoja au wawili, ndipo kanisa liambiwe. Utaratibu huo haufichi kosa. Unataka mkosaji alisikie kwanza kutoka kwa mtu anayetamani kumpata tena. Hata hivyo, kosa lililotendwa mbele ya umati halimalizwi kwa kikao cha siri. Adhabu itangazwe, ili aliyekosewa ajue kuwa amesikilizwa. Huruma inayomruka aliyeumizwa si huruma.

Lakini adhabu ya haki ina tarehe ya mwisho. Nyosso alimaliza adhabu yake, akarudi Ligi Kuu akiwa na jezi ya Kagera Sugar. Kanuni zilikuwa zimemaliza kazi yake. Umati hauna kalenda ya namna hiyo. Hapo ndipo uongozi unapopimwa: kumwita mtu kwa jina lake, wakati wengine bado wanamwita kwa kosa lake.

Basi, wazee wa kanisa wanapoandika siku ya kumtenga mshirika, waandike palepale na siku ya kwenda kubisha hodi mlangoni kwake.