Kinubi cha Daudi

Mfalme Sauli alipotaabika rohoni, aliletewa kijana Daudi, mchunga kondoo. Daudi akapiga kinubi, na Sauli akapata nafuu. Kinubi hakikukomesha vita vya mfalme, kilimpa kupumua.

Huku kwetu Beni, tangu Oktoba 2014, wengi wameuawa kwa mapanga na risasi. Tena kuanzia 2018 hata 2020 Ebola ilishika Beni, Butembo na Ituri, ikaua watu zaidi ya 2,200. Vijana wengi wamezika wazazi, wala hawana maneno ya kusimulia.

Basi, kijana akichora nyumba iliyoteketea, na mlangoni pake mche unaoota, usimwambie, «Unapoteza wakati.» Wenzake wakiimba au kuigiza msiba wao, usiwacheke. Huzuni si dhambi, wala si uchawi: Bwana wetu mwenyewe alimlilia Lazaro. Lakini asiyelala, asiyekula, anayetamani kufa, usimwachie nyimbo peke yake. Kaa naye, umpeleke kwa daktari.

Jumapili hii mwulize kijana mmoja, «Umechora nini?» Kisha nyamaza, umsikilize. Tumsifu Yesu Kristu.