Hati katika Chombo cha Udongo

Somo: Yeremia 32, 6–15



Nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mwana wa ami yake, siku zile Yerusalemu ulipokuwa umezingirwa na majeshi ya Babeli. Wakati kama huo mtu angaliweza kusema, Hati ni ya nini tena, nasi kesho tutachukuliwa mateka? Lakini yeye aliipima fedha katika mizani, shekeli 17, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi. Kisha akamwagiza Baruku azitwae hati zote mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, azitie katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Mara nyingi nimelihubiri fungu hili kama neno la matumaini, na kweli ndilo. Lakini hata mwaka huu sikuwa nimeona kwamba ni habari pia ya mtu anayenunua kwa uangalifu. Kilichonifumbua macho ni gari.

Ninyi mkaao Shinyanga na Kahama na Geita mnazijua njia zetu. Udongo mweusi wa mbuga wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na mvua zikinyesha huwa kama uji mzito, gurudumu likazama hata ekseli. Kwa hiyo magari yanayovutwa na magurudumu yote manne yamekuwa mengi kwetu, hasa tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Yakiisha kuchoka katika kazi hizo huuzwa, na watu huyagombania, kana kwamba chuma kilichotumika penye dhahabu hakichakai.

Usharika wetu nao ulinunua. Muuzaji sitamtaja, wala mji wake. Fedha ilitoka katika sadaka za mavuno ya miaka 3, mpunga na dengu na pamba, na ng'ombe waliotolewa na wachache, na kuku waliotolewa na wengi. Gari lilikuwa limekwisha kutumika, lakini tulipewa karatasi ya dhamana: miezi 6 au kilomita 10,000, lo lote litakalotangulia, kwa injini, giaboksi na difu, sharti oili za giaboksi na difu zibadilishwe kila kilomita 5,000, na stakabadhi zitunzwe. Tulifurahi sana. Tukaitia karatasi kabatini, wala hapana aliyeisoma hata mwisho.

Mwezi wa 4 mwinjilisti wetu alikuwa akipeleka saruji na mabati kwa kanisa dogo la mtaani. Alitoka katika matope ametia gia ya magurudumu manne, akafika barabara ya lami itokayo Isaka kwenda Kahama, akasahau kuitoa. Akaenda hivyo kwa mwendo mrefu, na mzigo juu. Kwanza gari likawa zito, likakataa kukata kona. Kisha likalia kama mawe katika kinu. Kisha likasimama kabisa. Lilirudi nyumbani likivutwa kwa kamba.

Yafaa niwaeleze jambo hili kama fundi alivyonieleza mimi, maana wengi wetu twaendesha tusichokijua. Katika magari ya namna hii, gia ya manne ikiingizwa, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja, zikazunguka sawasawa. Lakini penye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika matope tairi huteleza kidogo, na ule mvutano ukaisha. Juu ya lami kavu haliwezi kuteleza, basi nguvu yote hurudi ndani, katika meno ya giaboksi ndogo inayogawa mwendo mbele na nyuma. Hilo lilikuwa kosa letu.

Lakini fundi alistaajabu kwamba meno yamekatika upesi hivyo. Akafungua propela zote mbili, akainua gurudumu moja la nyuma, akalizungusha mara 20, nasi tukihesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Shingo ya difu ikazunguka mara 43. Akafanya vivyo hivyo mbele. Ikazunguka mara 41. Akahesabu tena, mambo yakawa yale yale. Difu mbili hazikuwa za gari moja! Mtu alikuwa amevunja ile ya nyuma zamani, akatia nyingine iliyokuwa karibu, akafunga, akanyamaza. Gia ya manne ikiingia, magurudumu ya mbele yakitaka kwenda mita 1,000, ya nyuma yalitaka kwenda mita 953 tu. Hivyo hata kwenye njia iliyonyoka kama uzi gari lilikuwa likishindana na nafsi yake. Ni kosa lipi basi lililovunja jino, la muuzaji au letu? Fundi alisema hawezi kuapa.

Ndipo wazee wa kanisa wakakutana, na karatasi ikatolewa kabatini. Kilomita zilikuwa 6,800, na oili haikubadilishwa. Aliyesema ingoje kidogo, fedha itumike kwanza kwa mabati, ni mimi.

Mtu mmoja mwenye gereji alikuwa tayari kutuandikia stakabadhi ya oili, yenye tarehe ya nyuma na muhuri. Mzee mmoja, mtu wa haki na mwenye kuheshimiwa, akasema, "Baba Mchungaji, huyu ametuuzia gari la miguu isiyo ya mama mmoja. Kumdanganya mwizi ni dhambi gani? Tena fedha hii si yetu. Ni ya Mungu." Nakiri kwamba sikujibu upesi. Nilikuwa nikiifikiria aibu yangu mwenyewe, na ile stakabadhi ingaliifunika vizuri.

Aliyejibu ni mama mmoja wa baraza. Aliuliza tu, "Na karatasi hiyo tutaiweka wapi? Pamoja na vitabu vya ubatizo?"

Ndugu, tunayo desturi ya kuzisoma amri kama kwamba kila moja yakaa katika chumba chake. Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, aliieleza amri ya saba kwa namna ya kugusa hata bidhaa za uongo na biashara ya hila, akaongeza kwamba yatupasa kumsaidia jirani mali yake itunzwe. Basi aliyefunga difu isiyo yake akanyamaza, amri hiyo yamhusu, hata kama hakuingia nyumba ya mtu usiku. Lakini amri ya nane hufuata mara, na hapo tulikuwa tumesimama sisi. Mtu akiivunja ya saba juu yangu, mimi sikufunguliwa na ya nane. Na tazameni, amri ile ile ya nane yatuagiza kumwelewa jirani kwa wema iwezekanavyo. Sisi tulikuwa tumekwisha kumwita mwizi kabla ya kumwuliza neno lo lote. Katika Mathayo 18 Bwana anaagiza mtu aende kwanza peke yake; sisi tulitaka kuanza na tangazo la ibadani.

Wengine watauliza kama kudai haki ni kinyume cha imani. Sidhani. Paulo aliwakemea Wakorintho walioshtakiana ndugu kwa ndugu, lakini yeye mwenyewe alikata rufani kwa Kaisari. Sheria ya uuzaji wa bidhaa ya nchi yetu, Sura ya 214, haitegemei karatasi ya dhamana peke yake: mnunuzi akimweleza mfanya biashara kazi anayoitakia bidhaa, akautegemea ujuzi wake, kwa kawaida bidhaa hiyo yapasa kuifaa kazi hiyo. Tena iko Tume ya Ushindani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, nayo yashughulika na haki za wanunuzi. Hayo tuyajue. Ila aendaye kudai kwa hati ya uongo ameyatupa yote kabla ya kufika mlangoni.

Basi nilikwenda, kwanza mimi, kisha tukawa watatu pamoja na fundi. Tukamweleza muuzaji habari ya 43 na 41. Tukamweleza pia habari ya lami, na habari ya oili. Alinyamaza kitambo. Akasema gari alilinunua mnadani, wala hakuhesabu. Labda ni kweli. Mimi nimechagua kuamini hivyo, ingawa fundi alitazama dirishani. Akasema sharti la oili limevunjwa, kwa hiyo dhamana imekufa; lakini difu haikuwa ya kuharibika kwa oili, ilikuwa si yake tangu mwanzo, basi atatupa nyingine inayolingana na ya mbele, bila malipo. Giaboksi ndogo tutainunua sisi. Tukaandika hayo, tukatia sahihi, na watu wawili wakashuhudia.

Wapo usharikani wasemao tumepoteza, maana kama tungalinyamaza juu ya oili tungalipata vyote viwili. Huenda ndivyo. Sina neno la kuwajibu, ila kwamba sehemu ya giaboksi nitailipa mimi kwa mshahara wangu, kidogo kidogo, kwa sababu neno lile la kungoja lilikuwa langu. Mwinjilisti asilaumiwe tena; amekwisha kuomba radhi mbele ya wazee, naye sasa akishuka njiani hutazama ile gia kabla ya kutazama saa.

Karatasi zetu tumezitia katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwa ajili ya mchwa. Ufunguo wa chumba uko kwa mama yule. Gari bado liko juu ya mawe chini ya mkwaju, likingoja giaboksi. Kwa hiyo kipaimara cha mtaa wa ng'ambo ya mto kitafanyika hapa kanisani, na wenye baiskeli wanaombwa wawabebe wazee.