Kufunga, Kujinyima na Kukosa

Maandiko ya kusoma nyumbani: Isaya 58:3–10, Mathayo 6:16–18, 1 Wafalme 19:1–8

Wiki ijayo tunaingia kwenye maombi ya kufunga, Lodwar na Kakuma pamoja, na nimeombwa niandike juu ya maswali mawili yaliyotoka kwenye ushirika wa akina mama. La kwanza liliulizwa Lodwar. Dada mmoja alitaka kujua kama ni vibaya kufunga na Bwana na papo hapo upunguze mwili. La pili liliulizwa Kakuma. Mama mmoja alisema, siku zile mgao umeisha na watoto wamelala bila kitu, Mungu anazihesabu kama kufunga?

Lodwar tulicheka kidogo. Kakuma hakuna aliyecheka.

Mimi naanza na la Lodwar kwa sababu nalijua. Miaka kumi na minne nimekuwa mtu wa dayati. Kuna mwaka wa kuacha ugali, mwaka wa maji moto na ndimu asubuhi, mwaka wa kula mara moja tu saa tisa mchana. Kilo zilikuwa zinatoka, zinakaa nje miezi miwili, halafu zinarudi na wageni. Nikienda harusi ningeweza kukuambia kila meza imepakua nini, lakini jina la bibi harusi lingenipita. Na hata lugha ilibadilika. Sisi akina mama tunaambiana, “Leo nimetenda dhambi, nimekula chapati mbili.” Tunacheka, lakini sikilizeni hilo neno. Kwenye Marko 7 Bwana Yesu alisema wazi kwamba kinachomwingia mtu kwa kinywa hakimtii unajisi. Sasa chapati ilipata lini nguvu ambayo Bwana mwenyewe ameinyima?

Wengine wananitajia Danieli. Ati Danieli alikula mboga na kunywa maji. Ni kweli, ila someni mpaka mwisho wa hiyo sura ya kwanza: baada ya siku kumi wale vijana walionekana wamenona kuliko wenzao waliokula chakula cha mfalme! Mtu anayemtumia Danieli ili akonde amesoma nusu.

Kuna jambo lilitokea Marekani ambalo lilinisaidia kuona vizuri. Mwaka 1944 na 1945, wakati wa vita, mwanasayansi aliyeitwa Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota alichukua vijana 36 wenye afya njema, wote wa kujitolea. Walikuwa wamekataa kubeba bunduki kwa ajili ya dhamiri, na wengi wao walitoka kwenye makanisa yanayohubiri amani. Walikubali kupunguziwa chakula kwa miezi sita ili madaktari wajifunze jinsi ya kuwalisha watu walioachwa na njaa ya vita. Hawakunyimwa kabisa, walipewa kama nusu tu ya walichozoea. Walipungua kama robo ya uzito wao. Lakini kilichotokea kichwani ndicho kinanigusa. Vijana waliokuwa na mambo yao ya maana wakaanza kuongea chakula tu, kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama sisi tunavyosoma Zaburi, kulamba sahani. Wakawa na hasira, wakajitenga. Na waliporudishiwa chakula, wengine walikula mpaka tumbo linauma na bado wakasema wana njaa. Iliwachukua miezi mingi kutulia.

Hao walikuwa watu wa maombi, na walijua kwa nini wanafanya vile. Mwili haukujali sababu. Ukipunguziwa chakula muda mrefu unajua jambo moja tu, kwamba kuna njaa, na unafanya kila mbinu akili yako yote iende kwenye sufuria. Kwa hiyo dada wa Lodwar anayejinyima mwaka baada ya mwaka, na akiona keki hawezi kusimama, hana pepo wa ulafi. Tusimkemee. Amekuwa na njaa.

Hapo ndipo nikaanza kumwelewa yule mama wa Kakuma. Kambi ile imekuwepo tangu 1992, na Kalobeyei tangu 2016, na wengi wenu mnaosoma hapa mmezaliwa na kukua mkihesabu siku za mgao. Mwaka 2025 mgao ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kinachopendekezwa. Mnajua wenyewe, sina haja ya kueleza. Nilikuwa kliniki siku moja nikitazama mtoto akipimwa mkono na ule mkanda wa rangi tatu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu. Mama yake alikuwa ameushikilia pumzi. Nyumbani kwangu kwenye droo kuna mkanda wa kupimia kiuno, na nimewahi kuushikilia pumzi vilevile, nikiomba usome kidogo. Sifananishi mizigo yetu, la hasha. Mimi ningeweza kwenda jikoni wakati wowote. Nasema tu kwamba mikanda yote miwili ilikuwa imefanya chakula kuwa bwana wa nyumba.

Sasa, wakati nilipokuwa nakataa chakula, kulikuwa na watu wakiniambia, “Kula, wenzako Kakuma hawana.” Walinipenda, lakini maneno hayo hayakunilisha, na hayakumlisha mtu Kakuma pia. Sahani inayoliwa kwa aibu haivuki Kalobeyei.

Basi jibu la Kakuma. Mama yangu, hapana, siku hizo si kufunga. Anayefunga ana mkate, anauweka kando kwa muda anaoujua, kisha anarudi mezani. Wewe umekosa. Someni Isaya 58: watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga na hakuona, naye anawaambia mfungo anaoutaka ni mwenye njaa kugawiwa mkate. Swali lako, mama, Mungu analiuliza kwetu sisi wenye unga. Usijilazimishe kuliita sadaka.

Na jibu la Lodwar. Dada, kama mizani ndiyo itakuambia mfungo umefaulu, basi umefungia mizani. Kwenye Mathayo 6 Bwana alitaka anayefunga aonekane wa kawaida, asijulikane. Dayati inataka kuonekana. Nenda kwanza kwa Eliya chini ya mretemu, pale jangwani panapofanana sana na kwetu. Alikuwa amechoka mpaka anaomba kufa. Malaika hakumpima wala hakumuuliza. Alimwamsha, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Maongezi na Mungu yalikuja baada ya chakula.

Mimi hivyo ndivyo nilivyorudi. Milo mitatu, saa zilezile, kila siku, hata siku ambayo sijisikii. Ugali umerudi, samaki wa Kalokol wamerudi. Nakula na watu, kwa sababu nikila peke yangu nahesabu. Miezi ya kwanza niliongezeka, na kuna waliosema, mnajua Lodwar. Baadaye mwili ulitulia, na siku moja mezani nikagundua nimesikiliza hadithi nzima ya mtoto wa jirani bila kuangalia sahani ya mtu.

Wenye sukari au presha, fuateni daktari wenu. Hiyo ni dawa, siizungumzii hapa.

Kwa mfungo wa wiki ijayo wazee wamekubaliana hivi. Wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa, na kila nyumba ambayo mgao wake umeisha, hawafungi. Aliye kwenye dayati, au anayetoka huko, asifunge chakula. Afunge simu au redio, aombe nasi, na ale. Tutakaofunga, mlo tutakaouacha tuulete: unga, maharagwe, mafuta. Vifike kwa mashemasi Lodwar kufikia Alhamisi jioni, gari la Kakuma linaondoka Ijumaa asubuhi mapema, na jioni hiyo tutafungua pamoja na wenzetu kule. Anayeweza kusafiri aje na sahani yake.